Neno la Memsahib na Kitita cha Miraa

Jumanne, 4 Oktoba 1966

Nimenunua nyanya tena. Sasa ziko dirishani, ziko chini ya kitanda, nyingine ziko ndani ya kofia yangu. Mimi sili nyanya. Tangu nizaliwe sijapenda nyanya. Lakini Gaceri anauza nyanya, na hana kingine anachouza, sasa nifanyeje?

Huja sokoni Jumanne na Ijumaa tu, yeye na akina mama wa Burat, askari mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa ajili ya shifta, hao waasi wa porini. Saa nane wanarudishwa. Siku nyingine za wiki hazina faida yoyote. Nazipitisha tu kwenye godauni la ngozi la Bwana Kulmiye. Napima, nanyunyiza chumvi, natenga daraja la kwanza na daraja la tatu, na nikifumba macho namwona Gaceri akifuta nyanya kwa upindo wa leso yake. Polepole, moja moja. Haki ya Mungu nimewahi kuionea wivu nyanya.

Leo nilikuwa nimejiandaa. Nilioga kwa sabuni nyekundu, nikaoga tena, ili harufu ya ngozi itoke. Haikutoka. Nilipofika mbele yake maneno yote yakanitoroka, nikasema kilo mbili. Akaniuliza kama nina jamaa kubwa nyumbani, maana nyanya zangu zinatosha kulisha kambi nzima ya jeshi. Nikamwambia sina mtu, mimi Salesio niko peke yangu. Akacheka, akaniongezea moja ya bure. Kwa nini msichana amwulize mwanamume kama ana jamaa? Si bure! Hapo kuna jambo.

Kisha nikaipata habari mbaya. Mama mmoja anayeuza kando yake aliniambia kwamba baba yake Gaceri, Mzee M'Ikiara, amechoka. Juzi risasi zimelia nyuma ya shamba lake. Jumamosi ya wiki ijayo anawapandisha watu wake wote kwao Kianjai mpaka vita viishe. Na vita vitaisha lini? Hakuna ajuaye. Huko Kianjai vijana wamejaa, na kila mmoja ana ng'ombe wa mjomba wake. Gaceri akipanda bila kuposwa, ataolewa kabla hawajafungua mizigo.

Nina mpaka Jumamosi hiyo. Ee Mungu, nikumbuke mimi mtumishi wako.


Jumatano, 5 Oktoba

Wazo!

Sokoni siwezi kusema. Akina mama wale wana masikio hadi mgongoni. Lazima nifike Burat, kwao nyumbani. Tatizo ni kizuizi cha askari barabarani. Hupiti bila sababu ya maana. Mwezi uliopita nilijaribu kusema naenda kusalimia watu, wakaniuliza kama Isiolo mjini hakuna watu. Nahitaji sababu nzito, na uzito uko kwenye Kiingereza.

Nikaenda kwa Mzee Dabasso. Huyu Mborana aliwapikia ma-DC wa kizungu, wakuu wa wilaya, tangu ujana wake mpaka walipofunga mizigo wakati wa uhuru. Kiingereza chake ni cha mezani kwa wakubwa, hukipati shuleni. Siku hizi anakaa kwenye kibanda cha chai cha binti yake Abiba, mtaa wa Bula Pesa, na ukimnunulia kikombe anakupa neno. Nikasema salaam aleikum mzee, nikaagiza chai, nikamwuliza wazungu humwitaje msichana ambaye ni wako lakini bado si wako.

Akafumba macho. Akanywa. Akasema: Betrothed.

Nywele zilinisimama! Neno gani hili! Nikauliza kama si sawa na kusema mchumba tu. Akasema mchumba kila mtu anaye, hata tarishi. Betrothed ni neno la kale, la watu waliokuwa na farasi, na siku hizi hata wazungu wenyewe wanaliogopa. Nikamwomba anionyeshe linavyotumika. Akasema kulikuwa na Memsahib mmoja, dada yake DC, aliyekuwa betrothed wa kapteni fulani aliyepelekwa vita vya Burma. Kila jioni Memsahib alitaka meza ya chai iandaliwe veranda, vikombe viwili. Kimoja anakunywa yeye. Kingine Dabasso anakimwaga usiku ukiingia. Ilikuwa hivyo miaka nenda miaka rudi.

Nikauliza kapteni alikuja lini. Mzee akasema hajui, DC alihamishwa, dada yake akaondoka naye akiwa betrothed vilevile. Akasema hilo neno halina habari na kufika, habari yake ni kungoja tu.

Hapo sikupapenda. Nimepaacha.

Abiba alikuwa akiosha vikombe. Mume wake Kanchoro alipeleka ng'ombe Sericho kutafuta malisho, barabara zikafungwa nyuma yake, na mpaka leo hana hata salamu. Akasema Memsahib alikuwa na bahati, alikuwa na mtu wa kumwoshea kile kikombe cha pili. Nilimwonea huruma, kweli, lakini nilikuwa na haraka ya kwenda kulizoeza neno langu mbele ya kioo.


Alhamisi, 6 Oktoba

Nimeaibika. Hapana. Nimechelewa kueleweka, basi.

Nilimdanganya Bwana Kulmiye kwamba jino linauma. Nikavaa koti langu la Jumapili, nikatembea hadi kwenye kizuizi. Koplo kijana akaniuliza naenda wapi. Nikasimama wima, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nakwenda kwa betrothed wangu. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akamwita mwenzake. Wakaulizana kama Betrothed ni kijiji au ni mtu. Wakatoa ramani! Wakaitafuta Betrothed toka mto hadi mlima, hawakuiona. Na mtu anayekwenda mahali pasipo kwenye ramani, wakati wa vita hivi, ni mtu wa kuketishwa chini.

Nikaketishwa chini. Jua, vumbi, siafu, koti la Jumapili. Wakanipekua, wakakuta nyanya mfukoni. Wakaipasua kuangalia ndani.

Mchana ukaisha hivyo. Mwishowe akaja ofisa wao, akasimuliwa, akacheka mpaka akaegemea gari. Akasema neno hilo alilikuta mara moja tu maishani, shuleni, kwenye kitabu kilichomfelisha mtihani. Nikadhani sasa nitapita. Wapi! Akaniuliza kama baba wa msichana ananijua. Nikasema bado. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba basi mimi si betrothed, mimi ni mnunuzi wa nyanya, nirudi mjini kabla ya kafyu.

Lakini wanajeshi wote walilisikia. Na wanajeshi hawana siri. Kesho Burat nzima itakuwa inajua.


Ijumaa, 7 Oktoba

Nilibashiri sawasawa! Nilipoingia sokoni akina mama wakaanza kunisukumia vicheko. Betrothed amekuja, Betrothed mpimieni. Nikapita nikiwa nimeinua kichwa. Mwenye wivu ajinyonge.

Gaceri hakucheka. Alikuwa amevaa kitambaa cha manjano kichwani. Nimekaa hapa nikijaribu kuandika vile kilivyomkaa, nimefuta mara nyingi, nimeacha. Aliniuliza kama kweli niliketishwa kizuizini kwa ajili ya kwenda kwao. Nikakubali. Akainamisha macho, akafuta nyanya moja ambayo ilikuwa safi tayari. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, hilo neno maana yake nini hasa.

Hapo ndipo! Mlango wazi, mwenye nyumba amesema karibu! Na akina mama wote wametega masikio, hata kuku sokoni wametega. Nikafungua mdomo. Nikamwambia ni neno la ofisini.

La ofisini! Salesio wewe! Ulimi wako ungekuwa ngozi ningeutupa daraja la tatu.

Akasema aha. Akanipimia kilo mbili. Hakuniongezea ya bure. Nikarudi godauni, nikajificha nyuma ya ngozi za ngamia, nikalia kidogo. Bwana Kulmiye akaniuliza kama bado ni jino.


Jumamosi, 8 Oktoba

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimezinduka. Mdomo wangu ni adui yangu, kwa hivyo kuanzia sasa sitautumia. Mambo yatakwenda kwa mila.

Kwetu Umeru mkono mtupu hauposi. Unapeleka ncoolo. Ncoolo si miraa ya kutafuna barabarani. Ni kitita kilichochaguliwa, kikafungwa na mikono inayojua, kikavikwa majani ya ndizi vizuri. Kikiwekwa mbele ya baba wa msichana, hakuna haja ya hotuba. Akikifungua na kutafuna, amekubali. Na ncoolo iliyofunguliwa haifungwi tena. Ndiyo imekwisha hiyo.

Sasa ncoolo ya kweli inatoka juu Maua, na ifike ikiwa mbichi. Na nani hupita kwenye kizuizi cha Burat bila kuulizwa? Mungania! Dereva wa lori linaloshusha kabichi za jeshi kutoka Umeru. Simpendi. Ana jino la dhahabu, anapiga honi hata kwa mbuzi, na akishuka kwenye lori anatembea kama lori ni la baba yake. Gaceri akipita huwa anamsalimia, na yule mjinga huwa anakosa la kusema, anabaki kushika kofia tu. Angalau hapo tuko sawa.

Lakini dereva ni dereva. Punda akibeba mahari haoi yeye. Nilimwendea, nikampa nyanya zote za dirishani, nikamweleza. Mungania akakuna kichwa. Akaniuliza kama nina hakika, si afadhali nimwite mjomba wangu anisindikize kama watu wengine. Nikamwambia mjomba wangu yuko Maua, akipewa ncoolo aibebe ataitafuna kabla ya kufika Kithima. Akauliza tena kama nina hakika. Watu wa magari wana akili nzito. Nikamwambia afanye anavyoambiwa.


Jumapili, 9 Oktoba

Baada ya kanisa nilipita kwa Abiba kunywa chai, na nikampa habari. Lo, kosa! Aliweka birika chini. Akaniuliza tangu lini mtu anatuma mke kwa lori la kabichi. Akasema hata kwao Waborana buni ya kuposea haipelekwi ovyo. Wanaipeleka wakubwa wa mwenye kuoa, wanakaa, wanaonekana nyuso. Yeye alipoposwa, Kanchoro alikaa nyuma ya wazee akitetemeka mpaka kofia ikaanguka, na ni kule kutetemeka alikokupenda. Akasema heri ningetembea mwenyewe usiku porini na fisi.

Nikamweleza kwa subira kwamba mambo ya kisasa yana mgawanyo wa kazi. Mmoja anabeba, mwingine anapendwa.

Mzee Dabasso akaniunga mkono. Alisema DC hakubeba kitu mkono wake mwenyewe hata siku moja. Akaniambia niweke na kadi, maana Memsahib alipenda sana kadi. Nikasema niandike jina langu chini ya lile neno? Akashtuka. Akasema neno kubwa kama hilo halifungwi jina mkiani, linasimama peke yake katikati ya kadi. Mzee huyu ni hazina.

Abiba akarudi kwenye vikombe vyake. Akasema kungoja alikuwa anakujua, lakini kujitafutia kungoja ndiyo leo ameona. Sikumwelewa vizuri.


Jumatatu, 10 Oktoba

Ncoolo imefika! Nilikutana na Mungania nyuma ya stesheni ya petroli. Kitita kizuri, kinene, majani ya ndizi yanang'aa, kinanukia mvua ya huko juu. Nilikishika kwa mikono miwili. Nikakiona kiko magotini kwa Mzee M'Ikiara, na Gaceri kasimama mlangoni na kile kitambaa cha manjano. Kidogo nipande lori nami. Lakini Bwana Kulmiye alikuwa ananingoja na shehena ya ngozi kutoka Merti, na kizuizini yule koplo bado ananikumbuka.

Kadi iko tayari. Nimeiandika kwa wino mweusi, herufi kubwa, katikati: BETROTHED. Nimeichomeka kwenye kamba.

Nilimkagua Mungania, nikaona shati lake lina mafuta ya gari. Nikasema hapana, huwezi kuniaibisha. Nikampa koti langu la Jumapili avae. Likamkaa sawasawa, afadhali hata kuliko mimi, mabega yamejaa. Nikampa maagizo: avue kofia, ashike kitita kwa mikono miwili, ainame, na asiseme neno. Hata moja! Nilijua akifungua mdomo ataharibu. Kadi itasema.

Mungania akaniuliza, je, mzee akiuliza? Nikamwambia asiseme neno.

Lori limeondoka saa kumi. Sijala. Nimekaa mlangoni hadi kafyu ikaniingiza ndani. Gaceri wangu, usiku huu unajua.


Jumanne, 11 Oktoba

Gaceri hakuja sokoni!

Akina mama walikuja bila yeye. Nikawauliza. Wakatazamana, wakasema amebaki nyumbani, jana kulikuwa na wageni, mambo ya heshima. Nilitaka kuruka! Msichana aliyeposwa hatumwi sokoni kupima nyanya, hiyo ndiyo mila yetu kabisa. Mmoja akataka kuniambia kitu, mwenzake akamkanyaga mguu. Wananiogopa sasa, mkwe wa M'Ikiara.

Sikununua nyanya. Mara ya kwanza tangu Juni. Nilisimama pale anapokaaga nikatazama jiwe lake. Ni jiwe tu, limelainika kwa kukaliwa. Nilisimama sana.

Nikamwambia Bwana Kulmiye naoa. Akanipa mkono, akaniambia mabruk, kisha akauliza kama bibi harusi anajua juu ya harufu.


Jumatano, 12 Oktoba

Mungania amekuja godauni. Amekuja amevua kofia.

Nikamwuliza imefika? Akasema imefika. Mzee amekubali? Akasema amekubali, amefungua, ametafuna. Nikamkumbatia! Nikamzungusha katikati ya ngozi za mbuzi! Yeye amesimama kama nguzo. Kisha akasema kuna jambo dogo.

Alifika, akavua kofia, akainama, mikono miwili, kama nilivyomwagiza. Mzee M'Ikiara alikuwa na wazee wawili jirani. Wakatazama kitita, wakatazama koti. Mzee akauliza, kijana, umekuja na jambo hili mwenyewe? Mungania hakusema neno. Wazee wakapenda, wakasema huyu ana haya, amelelewa. Wakaona kadi. Akaitwa mwalimu wa shule ya Jumapili aisome. Mwalimu akavaa miwani, akasema hili ni neno zito, la Maandiko, ni Mariamu aliyeposwa na Yusufu, na mtu anayeandika hivi hana mchezo. Basi mzee akakata kamba.

Nikamwuliza kwa nini hakusema hapo! Akasema, wewe ulinikataza. Nikamwuliza, hata baada ya kukata kamba? Akazungusha kofia mkononi. Akasema hapo alikuwa amefungua mdomo kabisa aseme ni ya Salesio, lakini Gaceri akatoka na kibuyu cha uji, na mdomo ukakataa. Akasema, Salesio, mimi nampenda yule tangu mwaka juzi, na sikuwahi kuwa na ujasiri, wewe ndiwe ulinipeleka mpaka mlangoni. Nikawaza, fadhila ya punda ni mashuzi!

Halafu akaniambia la mwisho, na ningetaka angelimeza. Gaceri alipokuwa akimpa kibuyu alisogea karibu, akanusa. Akamwambia koti hili ni la mtu wa ngozi. Mungania akakubali, ni la Salesio. Gaceri akauliza Salesio mwenyewe yuko wapi. Akasema yuko godauni. Akauliza kama Salesio amempa neno lolote alilete. Mungania akasema la, aliniambia nisiseme neno.

Gaceri akatazama barabarani kidogo. Kisha akamwachia kibuyu mkononi.

Mungania ameniachia koti juu ya mizani. Linanuka kabichi.


Alhamisi, 13 Oktoba

Nimelala juu ya magunia ya chumvi. Bwana Kulmiye hakunifukuza. Alikuja akakaa kando yangu, akaniambia yeye naye aliwahi kumpenda msichana wa Wajir. Nikangoja aendelee. Akanyanyuka akaenda kuhesabu ngozi mwenyewe.

Leo nilipanga kwenda kumwambia Mzee M'Ikiara ukweli. Nikakumbuka kizuizi. Nikapanga kumshtaki Mungania kwa wazee. Nikakumbuka kwamba alifanya kila nililomwambia. Nikapanga kufa. Abiba akaniletea chai godauni kwa miguu yake, akaniambia niache upuuzi, kuua watu shifta wanatosha.


Ijumaa, 14 Oktoba

Siku ya soko. Sikwenda. Nilikwenda. Hakuwepo.

Nimekula nyanya za chini ya kitanda. Zote, hata zilizooza upande. Kumbe ni tamu. Miezi yote hii nilikuwa na utamu chini ya kitanda na sikujua. Nimeumwa tumbo.


Jumamosi, 15 Oktoba

Wamepanda.

Lori la Mungania ndilo lililowabeba, vitanda, kuku, masufuria, Mzee M'Ikiara mbele. Magari yalisimama mjini yakingoja askari wa kuyasindikiza kwenda Meru. Mimi nilikuwa kibandani kwa Abiba, nyuma ya nguzo. Nilikuwa nimeapa sitatoka. Gaceri akashuka mwenyewe, akavuka barabara, akaja mpaka kwenye nguzo.

Alikuwa na kikapu kidogo. Nyanya. Akaniambia safari hii nizile.

Nilitamani kumwambia kila kitu. Nilitamani kumwambia juu ya jiwe lake, juu ya kitambaa cha manjano, juu ya kukaa kwenye siafu kwa ajili yake na kuona si kitu. Naye amesimama tu, hana haraka, ingawa honi inapigwa. Akasema, Salesio, lile neno hukuniambia maana yake. Harusi ni Desemba, kutoka leo hadi Desemba ni mbali. Niambie.

Abiba ameacha kuosha. Mzee Dabasso ameacha kunywa. Abiba akanifinya mgongoni, alinifinya kwa kucha, akaninong'oneza sema wewe!

Nikamwambia Gaceri nitamwandikia kwa kadi.

Akanitazama. Akatabasamu, lakini hakuwa anacheka. Akasema haya, kwaheri Salesio. Akavuka. Akapanda nyuma ya lori, akakaa juu ya godoro, na lile lori likaenda likipanda, likipanda, mpaka nikawa naona manjano tu, halafu hata manjano sikuyaona. Nilibaki nimeshika kikapu. Abiba alinitilia chai, akaenda nyuma ya kibanda, na nilimsikia akilia, sijui alikuwa analia ya nani.


Jumapili, 16 Oktoba

Usiku kucha nimefikiri, na asubuhi nimeamka mtu mpya. Mtu hujifunza kwa makosa. Mimi nimejifunza.

Nilikwenda kwa Mzee Dabasso kabla ya kanisa, nikamwomba anirudie ile habari ya Memsahib, pamoja na sehemu niliyokuwa nimeiacha. Akarudia. Kwamba neno halina habari na kufika, habari yake ni kungoja. Nikapiga meza! Sasa ni nani anayengoja? Mungania hangoji. Mungania ameshapewa, Desemba anaoa, Mungania ni mume tu, na waume wamejaa kila mahali. Anayengoja ni mimi. Kwa hivyo betrothed ni nani? Ni mimi! Tangu mwanzo nilikuwa ni mimi, ila nilikuwa sijasoma mpaka mwisho.

Nimemwomba Abiba vikombe viwili niweke chumbani. Asubuhi hii amepata habari kwa dereva wa Merti kwamba Kanchoro alionekana akiwa hai, ng'ombe wamekufa wote, amekonda, lakini hai, na anauliza njia ya kurudi. Macho yake yalikuwa yamevimba na anacheka. Akanipa kikombe kimoja. Cha pili akasema ni cha mwenyewe, anakuja. Si kitu. Nitatumia mkebe.

Nimeandika kadi. Hii nimeiandika vizuri, kwa wino mweusi, nimeeleza neno lote, maana yake na linavyotumika, na kila kitu kilichokuwa kifuani jana. Gaceri akiisoma kabla ya Desemba, mambo yatageuka. Lazima imfikie mkononi mwake mwenyewe, Kianjai, na iende upesi.

Nilimtafuta mtu anayepanda huko kila wiki, nikampata. Anaondoka kesho alfajiri. Alikuna kichwa, akaniuliza kama nina hakika. Nimemwonya Mungania sana asiseme neno. Na kwa kuwa huko juu ni baridi, nimempa na koti.